Je, Mwenye Kupima ni Mchoyo?

Neno uchumi limetokana na kitenzi kuchuma. Achumaye tunda huunyoosha mkono wake kwenye tawi moja, na muda wote mkono ule uwapo kwenye tawi hilo hauwezi kuwapo kwenye tawi jingine. Sidhani kwamba wazee waliotuachia neno hili walikuwa na habari za elimu ya vyuo vikuu. Hata hivyo, mtu akilitazama kwa makini ataona kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo imo ndani yake. Mikono ni miwili, siku ina saa 24, mfuko una kiasi chake, na matawi ni mengi. Kila tuchumapo, tunaacha.

Nia yangu katika makala haya si kufundisha uchumi wa mataifa, wa bajeti na mikopo ya nje. Nataka kuzungumza juu ya uchumi mdogo, ule wa jikoni na shambani, wa mtu anayeamka asubuhi akajiuliza afanye lipi na aache lipi. Na hasa nataka kulikabili swali moja la maadili ambalo limenisumbua kwa miaka mingi: je, mtu apimaye gharama ya kila alitendalo amepungukiwa na utu? Katika jamii yetu mtu wa namna hiyo hupewa jina upesi. Huitwa mchoyo, au bahili, au huambiwa kwamba ameingiwa na tabia za kibepari. Mimi mwenyewe nimepata kuitwa hivyo, tena na mjomba wangu, mbele ya watu, kando ya shimo. Heri nianze na kisa hicho, kwani yote nitakayoyasema yametoka humo.

Kijiji cha mama yangu kiko katika nyanda za Shinyanga, kwenye ile ardhi nyeusi ya mbuga inayonata masika na kupasuka kiangazi. Mwaka 1996 jamaa zetu na majirani, kaya 14 kwa jumla, waliafikiana kuchimba kisima. Kila kaya ilitoa fedha, na mchimbaji akalipwa kwa futi. Alipofika futi 60 alikuwa bado anapandisha ndoo za mchanga mkavu, na siku mbili baadaye akagonga mwamba. Fedha zilizosalia zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya saruji. Basi wazee wakaitana kando ya shimo kushauriana. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, na kwa kuwa nilihesabiwa kuwa msomi, ndimi niliyekabidhiwa daftari la michango. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mjomba alisema kwa uchungu mkubwa kwamba fedha zetu zote zimo humo chini, na tukiacha sasa tutakuwa tumezitupa. Wengi waliitikia. Nami nikasimama, kwa majivuno ya kijana, nikawaambia kwamba fedha zile zimekwisha kwenda, tuendelee tusiendelee. Kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Na kwamba swali halisi si tumechimba futi ngapi bali futi ya 61 itagharimu nini na yatarajiwa kuleta nini. Kama mwamba ule ni mkavu, futi ya 61 ni hasara mpya, wala haiifuti ile ya zamani.

Hata leo naamini kwamba maneno yale yalikuwa ya kweli. Wanauchumi huiita gharama ya namna hiyo gharama iliyokwisha kuzama, nao huonya isiingizwe katika shauri la kesho. Ni onyo jepesi kulitamka na gumu kulifuata, kwa sababu binadamu huona haya kuiacha kazi aliyokwisha kuitolea jasho. Mtu huendelea kulitengeneza gari bovu kwa kuwa mwezi uliopita alilinunulia injini. Mwingine huendesha kesi ya kiwanja mwaka wa kumi, hali thamani ya kiwanja imekwisha kuliwa na nauli za kwenda mahakamani. Ukimwuliza kwa nini, atakuhesabia alichokwisha kutumia, kana kwamba alichotumia ni hoja ya kutumia zaidi. Katika mambo haya nadhani methali yetu ya maji yaliyomwagika inatosha, isipokuwa tumezoea kuisoma kama pole kwa mtu aliyefikwa na hasara, ambapo ingetufaa pia kama ushauri kwa yule ambaye bado ana la kuamua.

Kosa langu lilikuja baadaye. Nilifungua daftari nikachora safu mbili. Upande mmoja niliandika gharama za kuanza kisima kingine mahali pengine; upande wa pili niliandika faida ya kuzitumia fedha zilizosalia kununulia dawa ya pamba, maana msimu ule wadudu walikuwa wengi. Pamba ilishinda. Na juu ya maji nilisema kwamba yapo mtoni, kama yalivyokuwapo siku zote, na ya mtoni ni bure. Nikaandika neno hilo, bure, nikapiga mstari chini yake.

Mjomba alinitazama, akasema, "Mpwa wangu, umekuwa mchoyo. Sasa unapima hata maji." Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Wakati huo mke wake alikuwa amesimama nyuma ya wanaume akingoja wampishe njia, ndoo ikiwa bado kichwani. Hakuitua. Alisema, "Mwanangu, hiyo bure uliyoandika, ni bure ya nani?"

Sikuwa na jibu. Na kama ningekuwa nalo, nisingethubutu kulitoa.

Usiku ule nilipiga hesabu nyingine, ambayo sikumwonyesha mtu. Kiangazi wanawake wa pale huenda kwenye mkondo wa mto wa msimu, wakafukua mchanga, wakangoja maji yajikusanye, wakayachota kwa kata. Safari moja, kwenda, kungoja na kurudi, haikupungua saa mbili, na mke wa mjomba alikwenda mara mbili kwa siku. Tuchukue kwamba ni saa nne. Kwa mwaka mzima ni saa 1,460. Mfanyakazi wa ofisini hufanya kazi saa nane kwa siku. Saa hizo ni sawa na siku zake 182 na nusu. Najua kwamba masika safari zilikuwa fupi zaidi, lakini hata nikipunguza robo nzima, bado ni siku zaidi ya 130 za kazi kamili zilizoishia mchangani kila mwaka, kwa mwanamke mmoja, katika kaya moja. Kaya zilikuwa 14. Na mimi, msomi wa daftari, mahali pa saa zote hizo niliandika neno moja la herufi nne.

Hapa ndipo tunapoikuta dhana iliyo mama wa nyingine zote katika uchumi mdogo. Gharama ya jambo si fedha inayotoka mfukoni. Ni kile kilicho bora zaidi miongoni mwa vyote unavyoviacha kwa ajili ya jambo hilo. Tuiite gharama ya kiachwacho. Mfaransa mmoja, Frédéric Bastiat, aliandika mwaka 1850 juu ya tofauti baina ya yale yanayoonekana na yale yasiyoonekana katika shughuli za uchumi, na miaka mingi baadaye Friedrich von Wieser wa Austria akalipa wazo hilo sura ya kitaalamu. Lakini mkulima yeyote aliyewahi kuamua ekari yake ailime pamba au mtama analijua bila ya kuambiwa: gharama ya pamba, pamoja na mbegu na dawa, ni mtama ambao hautakuwamo ghalani. Na gharama ya maji ya mtoni ni palizi iliyochelewa, mtoto aliyeachwa na homa, shule ambayo binti aliikosa kwa kuwa zamu ya ndoo ilikuwa yake. Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, jambo la kushukuru sana. Lakini mzazi ambaye bado anasitasita kumpeleka binti yake si lazima awe mjinga. Huenda anaiona gharama ambayo sisi wa mjini hatuioni, nayo ni mikono ile inayohitajika nyumbani.

Nitapotoka kidogo, msomaji aniwie radhi, kwa kuwa Shinyanga ina kitu kingine mashuhuri kisichokuwa maji. Mwaka 1776 Mskoti Adam Smith alilitaja fumbo lililowatatiza watu wengi: maji yana manufaa kuliko karibu kila kitu, lakini hayanunui chochote, almasi haina manufaa makubwa, lakini hununua mali tele. Fumbo hilo lilikaa karibu karne moja. Jevons wa Uingereza na Menger wa Austria walichapisha jibu mwaka 1871, kila mmoja peke yake, na Walras, Mfaransa aliyekuwa akifundisha Uswisi, akafuata mwaka 1874. Walisema kwamba watu hawachagui baina ya maji yote ya dunia na almasi zote za dunia. Wanachagua ndoo moja zaidi au kito kimoja zaidi. Thamani hupimwa ukingoni, kwa ndoo ile ya mwisho.

Jibu hili mke wa mjomba angelifafanua vizuri kuliko mimi. Ndoo ya kwanza ya siku ni ya kunywa, nayo haina bei. Ya pili ni ya kupikia. Ya tatu ni ya kuoga watoto, ya nne ya ndama, ya tano ya kufulia. Mahali palipo na ziwa, ndoo ya hamsini humwagwa uani kutuliza vumbi, na kwa hiyo kila ndoo huonekana haina thamani. Kiangazi katika mbuga ile, siku huisha kabla ya ndoo ya tatu. Sasa, katika mkoa huohuo, huko Mwadui, John Williamson aligundua mgodi mkubwa wa almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 likatoka huko jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, nalo likapelekwa kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Nyanda zilezile zilitoa kito kile, na nyanda zilezile wanawake wakafukua mchanga wapate maji. Sisemi haya kwa ajili ya kulalamika tu. Nasema kwamba Smith, kama angalizaliwa huko kwetu, yamkini fumbo lake asingeliuliza kwa namna ile.

Turudi kwenye shimo. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mimi na mjomba tulikuwa pande mbili zinazopingana, yeye upande wa utu na mimi upande wa hesabu. Leo sioni hivyo. Mjomba alihesabu futi zilizopita. Mimi nilihesabu fedha zilizosalia. Na wote wawili hatukuhesabu saa za mtu aliyekuwa amesimama nyuma yetu na mzigo kichwani. Tena jambo hili halikutokea kwa bahati. Waliokaa barazani kuamua hawakuwa ndio wenye kulipa. Mtu akiamua jambo ambalo gharama yake hubebwa na mwingine, jambo hilo huonekana rahisi kuliko lilivyo, naye atalifanya mno. Au, kama ilivyokuwa kwetu, ataona rahisi kutolifanya. Hahitaji kuwa mwovu. Inatosha kwamba mzigo hauko kichwani pake.

Wako wanaosema kwamba mawazo ya namna hii ni ya kigeni, na kwamba katika ujamaa wetu wa asili hakuna aliyepima. Sikubaliani nao. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe ni kipimo, tena ni kipimo cha ukingoni: siku ya kwanza ya mgeni ni furaha tupu, ya pili ni furaha iliyopungua, na ya tatu ghala limeanza kusema. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya ujamaa, akionyesha kwamba ukarimu wetu haukuwa ruhusa ya kunyonya. Na katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 saa zilihesabiwa waziwazi. Azimio linaeleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi nyakati nyingine saa 12 au 14 kwa siku, pamoja na Jumapili na sikukuu, ambapo wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Sijui mtu awezaye kuyasoma maneno hayo kisha akasema kwamba kupima ni kinyume cha undugu. Pale undugu ulikuwa ndio sababu ya kupima.

Serikali nayo ililazimika kujifunza. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400, ili ifikapo mwaka 1991 kazi iwe imekamilika. Haikukamilika. Pampu nyingi zilinyamaza kwa kukosa dizeli na vipuri, maana maji yaliyotangazwa kuwa bure yalikuwa na gharama ambayo hapana aliyepangiwa kuibeba. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikasema wazi kwamba watumiaji vijijini wachangie uendeshaji na matengenezo; ikabakisha mita 400 na kuweka kituo kimoja kwa watu 250. Ninaipenda tarakimu hiyo ya mita 400 kwa sababu moja: ni ya hatua za miguu. Aliyeiweka alifikiri juu ya mwendo wa mtu, wala si kina cha kisima tu.

Hata hivyo ipo hoja moja dhidi yangu ambayo sitaki kuikwepa. Yapo mambo ambayo mtu akiyapima tu, amekwisha kuyaharibu. Jirani akifiwa, hatuketi kuhesabu saa za matanga na mauzo tutakayoyakosa dukani. Anayehesabu kwa sauti hatazikwa na watu wengi. Naikubali hoja hii kwa sehemu kubwa. Lakini naona kwamba tunachanganya kupima na kuuza. Kwenda msibani kuna gharama, na mwenye duka aliyelifunga siku tatu anaijua. Heshima ya tendo lake imo katika kuijua na kufunga. Kama kwenda kule kusingemgharimu chochote, wafiwa wangemshukuru kwa nini? Mchoyo ni yule anayeona senti zake tu, na kwa hiyo kipimo chake ni kifupi kuliko cha watu wengine. Na mwenzake, ambaye hatumsemi sana, ni mkarimu wa mikono ya wengine. Huyu huwaalika wageni saa tatu usiku, huamuru kuku achinjwe, kisha hukaa kibarazani akisifiwa kwa moyo wake mkubwa, hali aliye jikoni anapuliza moto hadi usiku wa manane. Kuku na sifa ni vyake. Ukarimu, tukisema kweli, ni wa yule apulizaye moto.

Kisima kile hakikuendelezwa. Wala dawa ya pamba haikununuliwa. Baada ya mabishano ya siku nne fedha zile zilinunua punda wawili na mkokoteni, na wazo hilo halikutoka kwangu wala kwa mjomba. Wanawake ndio waliolileta, kwa kupitia bibi mmoja mzee ambaye hapana aliyethubutu kumkatiza maneno. Likatokea jambo ambalo sikulitazamia. Wanaume wa pale, ambao katika maisha yao hawakuwahi kuonekana na ndoo, hawakuona aibu kuongoza punda. Vijana wakaichukua kazi ya maji, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wakiziuzia kaya zisizokuwamo katika umoja wetu, kwa dumu. Yalikuwa maji yaleyale ya mto uleule. Bei ilikuwapo tangu zamani na ililipwa kila siku kwa shingo na mgongo. Kilichobadilika ni kwamba sasa ilikuwa na mtu wa kuipokea.

Mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yaliyovutwa kutoka Ihelele yalifika miji ya Kahama na Shinyanga. Kijiji chetu kilikuwa mbali na bomba, lakini punda walikuwapo, na baada yao wana wao. Mjomba hakukubali hata siku moja shimo lile lifukiwe. Alilizungushia miiba ili mbuzi wasitumbukie, na watoto wakawa wanarusha mawe ndani wasikilize yanavyochelewa kufika.

Nilirudi huko likizo iliyofuata mwaka wa punda, na daftari langu. Nilitaka kuandika, mahali pale palipokuwa na neno bure, thamani ya zile saa nne ambazo mke wa mjomba alikuwa amezipata. Nilitazamia ataniambia juu ya ekari iliyoongezwa, au bustani, au vyungu vilivyouzwa mnadani. Nilimwuliza alizitumia kwa kazi gani. Alifikiri kwa muda, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halikuwahi kumpitia akilini.

"Nilikaa," akasema.